Wigo Ulipofunguliwa Lugulu

Chui alikuwa amejilaza juu ya jiwe, hatua arobaini hivi kutoka kijiani, na yule mgeni mwenye koti jekundu alikuwa akimfuata makusudi.

Yusta Kikoti, askari wa hifadhi, alimwona tangu mbali, akaongeza mwendo. Mgeni alinyoosha mkono wenye bangili, akasogea hatua moja. Chui akainua kichwa. Hatua ya pili, masikio yakalala. Ya tatu, mwili mzima ukaanza kutetemeka. Ya nne, mnyama akatoa sauti nyembamba ambayo hakuna chui aliyezaliwa nayo, akajibwaga chini, akaanza kuukwaruza uso wake kwa makucha yake mwenyewe. Mgeni akacheka, akarudi nyuma kidogo, kisha akasogea tena.

"Mama, umeona? Kama swichi ya taa!"

Mama yake, bibi mnene aliyeegemea fimbo, alikuwa amesimama kijiani pamoja na mkwewe. Hakucheka. "Gilbati, rudi huku. Nimeshakwambia mara tatu."

Yusta aliwafikia. Alimkamata Gilbati ukosi wa koti, akamvuta kwa nguvu hadi akaanguka chali kwenye changarawe.

"Unanishika mimi? Nimeingia kwa tiketi!"

"Tiketi ya kutembea. Siyo ya kutesa."

Gilbati aliinuka na ngumi. Ilimpata Yusta mdomoni, ikampasua. Yusta aliudaka mkono ule kabla haujarudi, akauzungusha nyuma ya mgongo, akaubana mpaka yule bwana akapiga magoti na kuanza kuomba radhi kwa sauti iliyopanda juu.

"Mwache hivyohivyo kwanza, mwanangu," bibi alisema. "Labda litamwingia."

Kule kwenye jiwe chui alijikokota kuingia vichakani. Jicho lake moja lilikuwa limefumba, na damu ilikuwa ikitiririka hadi kidevuni.

Lugulu haikuwa na uzio. Jiji la Iringa lilikuwa limeizunguka hifadhi pande zote nne. Kutoka kilele chochote uliona maghorofa, na siku za ukungu kama ile ulisikia mabehewa ya kamba yakipita juu na abiria wake. Ndani kulikuwa na chui, fisi, pofu na nyati zaidi ya mia mbili, na watu wakitembea katikati yao na vikapu vya chakula. Kila mnyama mkubwa, alipofikisha mwaka mmoja, alitiwa uzi nyuma ya sikio, mwembamba kuliko unywele, ukapenya hadi kwenye ubongo. Kila mtu aliyeingia alivalishwa bangili langoni. Bangili ikikaribia uzi kwa hatua thelathini, mnyama alianza kuhisi moto kichwani. Kadiri ilivyosogea ndivyo moto ulivyozidi. Huo ndio ulioitwa wigo, na tangu ulipowashwa, miaka minane iliyopita, hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kuparuzwa. Bunduki za askari zilikusanywa mwaka uleule, zikayeyushwa.

Yusta alimwachia Gilbati. "Nendeni kwenye banda la mapumziko, kitalu cha saba. Mkae hapo mpaka nije kuandika maelezo."

Bibi aliitikia kwa kichwa, akamtanguliza mwanawe kwa ncha ya fimbo.

*

Saa sita kasoro redio ya kifuani ilikwaruza. Ilikuwa sauti ya Lunyungu, askari mwenzake, aliyekuwa zamu upande wa bonde.

"Dada Yusta, nyati wa kitalu cha saba wamesimama."

"Wamesimama vipi?"

"Wamesimama tu. Kumi na tatu. Wamejibana pamoja, wanatoa mapovu, hawaendi mbele wala nyuma. Na kuna watu wame... Oya! Nyie! Tokeni hapo!"

Redio ilitoa kishindo, halafu mtu akapiga yowe. Kisha kimya.

Yusta alikimbia. Huku akikimbia alimwita Tarsila, mhudumu wa lango. "Kitalu cha saba kina bangili ngapi?"

"Subiri... kumi. Ya Lunyungu, tatu za banda la mapumziko, na sita zimekaa kama duara. Hao sita waliingia asubuhi pamoja. Walisema wamekuja kuangalia ndege."

"Mabegi yalikaguliwa?"

"Mashine ilisema vyuma vya kambi."

Ilikuwa kweli, kwa namna fulani. Vilikuwa vichwa vya mashoka bila mipini. Mipini walikuwa wameikata humohumo msituni.

Alipanda mwamba mkubwa unaotazama bonde kwa upande wa nyuma, wenye mteremko, akatambaa hadi ukingoni. Upande wa mbele ulishuka wima kama ukuta. Chini yake, hatua zisizozidi hamsini, aliona jambo ambalo wataalamu wote waliobuni wigo hawakuwahi kuliwaza.

Wanaume sita walikuwa wamesimama duara, na nyati walikuwa katikati. Kila upande ambao nyati angegeukia, palikuwa na bangili. Kwa hiyo walikuwa wamerundikana, vichwa ndani, matako nje, ndama wakikanyagwa miguuni mwa mama zao, mate yakining'inia midomoni. Mtu mmoja alitoka kwenye duara na shoka, akatembea moja kwa moja hadi kwa jike la pembeni. Jike lilipiga magoti kabla hajafika. Lilianguka ubavu, macho yamegeuka weupe, miguu ikipiga hewa. Mtu yule alisimama juu ya shingo, akainua shoka, akalishusha. Pigo la kwanza halikutosha. Wala la pili. Nyati alikuwa hai, alikuwa akiona, na hakuweza hata kutikisa pembe. Pigo la sita ndilo lililotenganisha kichwa.

Vichwa vinne vilikuwa tayari vimepangwa kwenye turubai. Mwanaume mwingine alikuwa amechuchumaa hapo na msumeno mdogo wa betri, akipasua nyuma ya sikio, akitoa uzi kwa koleo na kuutia ndani ya chupa. Ng'ambo walikuwako watu waliozitaka nyuzi zile, na hawakuuliza zimetoka kichwani mwa nani.

Lunyungu alikuwa amelala karibu na mguu wa mwamba. Shoka lilikuwa limempasua paja. Alikuwa amelifunga kwa mkanda wake mwenyewe, na mkanda wenyewe ulikuwa umeshalowa.

"Kamwene, Yusta," sauti kutoka kwenye duara ilimsalimu Yusta kwa Kihehe.

Aliifahamu sauti ile kabla hajamwona mwenyewe. Mzee Faustine Nyenza alikuwa amesimama upande wa karibu wa duara, kofia ya sufu kichwani, akimtazama juu kama mtu aliyekuwa akimtarajia. Ndiye aliyemfundisha Yusta kazi, kusoma nyayo, kukaa kimya, kunusa upepo. Aliachishwa kazi mwaka wigo ulipowashwa, pamoja na askari wengine arobaini ambao hawakuhitajika tena.

"Baba Beatha," Yusta alisema. "Unafanya nini?"

"Namaliza walichokianza wao. Hawa si nyati tena, Yusta. Umewatazama? Nyati gani anachinjwa amepiga magoti? Waliwaua siku ile walipowatia uzi. Mimi naokota mabaki."

"Na Lunyungu?"

Mzee Nyenza alimtupia jicho yule kijana, kisha akalitoa haraka. "Ameona sura zetu. Angekaa upande wake wa bonde angekuwa anakunywa chai sasa hivi."

"Mwache nimchukue."

"Wewe nenda. Teremka ulikopandia, hukuona kitu, na kesho hakuna atakayekuuliza. Nakupa hilo kwa sababu ulikula nyumbani kwangu mwaka mzima na mke wangu anakuita mwanawe. Lunyungu siwezi kukupa."

Mtu mwenye shoka lenye damu alikuwa ameshaanza kuelekea kwa Lunyungu. Hakuwa na haraka. Nyati waliokuwa upande ule walilia, wakasukumana kumkimbia.

Yusta aliushika ufunguo. Ulikuwa umening'inia kifuani mwake, kidude cha ukubwa wa kibiriti chenye kitufe kimoja. Askari wakuu tu ndio waliokuwa nao, na kazi yake ilikuwa moja, kuzima wigo wa kitalu kizima ili daktari wa wanyama aweze kumkaribia mgonjwa aliyelazwa usingizi. Usingeweza kuzima bangili ya mtu mmoja ukaacha ya mwingine. Waliobuni waliogopa askari atakayechagua nani afe na nani apone, kwa hiyo ufunguo haukujua majina. Ulipofungua, ulifungua kwa wote.

Mzee Nyenza aliuona mkono wake. Akatabasamu kidogo, bila ubaya.

"Hufungui wigo. Kuna wageni bandani. Kanuni ya kwanza, usalama wa mgeni, nani alikufundisha?"

Yusta alirudi nyuma ya ukingo, akanong'ona redioni. "Tarsila. Waambie wale watatu wa bandani wapande mnara ulio kando ya banda. Sasa hivi."

Alihesabu pumzi zake. Mtu mwenye shoka alikuwa amebakiza hatua ishirini.

"Wawili wamepanda," Tarsila alijibu. "Bibi hawezi ngazi. Magoti. Mwanawe yuko juu, anamwita, ila hashuki kumsaidia. Yusta, kuna nini huko?"

Hatua kumi. Lunyungu alikuwa amekwishaelewa. Alikuwa akijikokota kwa viwiko kuelekea ufa uliokuwa chini ya mwamba, na nyuma yake majani yalibaki mekundu.

"Mwambie bibi akae chini asitikisike. Mwambie... mwambie asali."

Akabonyeza.

*

Kwanza hapakutokea kitu. Nyati waliendelea kusimama vilevile, kana kwamba hawakuamini. Kisha dume moja kubwa, lenye pembe zilizokutana usoni kama kofia ya chuma, liliinua kichwa polepole. Likapiga hatua moja kumwelekea mtu. Moto haukuja. Likapiga ya pili.

Mtu mwenye shoka ndiye alikuwa wa kwanza. Alikuwa ameshainua silaha juu ya Lunyungu aliposikia kwato, akageuka, na jike lililokuwa na ndama likamchota kwa pembe chini ya mbavu, likamrusha, likamsubiri aanguke, likampokea tena. Yule wa turubai alijaribu kumzuia dume kwa kumwonyesha bangili. Aliinyoosha mbele yake kwa mikono miwili, akipiga kelele, "Rudi! Rudi!" Dume halikurudi. Lilimpitia, likageuka, likamlalia kwa paji la uso, likamsaga ardhini mpaka kelele ikaisha. Wengine wawili walikimbilia upande mmoja wakagongana. Wa tano alipanda mti wa msuku ambao haukuwa na unene wa kumstahimili, ukapinda naye, na nyati wawili walikuwa chini wakimsubiri.

Kwa muda wa miaka minane wanyama wale hawakuwa wamemgusa mtu. Yusta aliyatazama yote kutoka juu ya jiwe ambalo hakuna nyati angeweza kulifikia, na mwilini mwake, katikati ya hofu, alihisi kitu kinachofanana na furaha. Baadaye ndicho kitu kilichomtisha kuliko vyote.

Lunyungu aliingia ufani. Yusta aliona buti lake la pili likivutwa ndani ya giza la jiwe. Pale nyati hangeingiza hata pua. Amepona, aliwaza. Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Kubonyeza mara ya pili kungefunga wigo, na kila kitu kingesimama palepale.

Hapo ndipo mzee Nyenza alipofika mguuni pa mwamba.

Alikuwa amepoteza kofia. Alijaribu kuparamia jiwe kwa vidole, akateleza, akajaribu tena. Mkono wake ulinyooka juu, hatua mbili tu chini ya buti za Yusta.

"Yusta, funga!"

Yusta alimtazama.

"Mwanangu, funga! Funga!"

Dume kubwa lilikuwa limemwona. Halikuja mbio. Lilikuja kwa mwendo wa ng'ombe anayerudi zizini, likifuta damu ya pembe kwenye nyasi mara moja, mara mbili. Mzee aligeuka, akaweka mgongo kwenye jiwe. Hakumwita tena Yusta. Alianza kusema na nyati, kwa sauti ya chini ileile aliyokuwa akiitumia zamani kuwatuliza waliojeruhiwa, na kwa kitambo dume likasimama kweli, masikio mbele, kana kwamba linamsikiliza.

Kisha likainamisha kichwa.

Yusta alifunga wigo aliposikia mfupa ukivunjika. Kundi zima lilianguka magoti kwa pamoja, na kilio kilichopanda bondeni kilisikika hadi kwenye mabehewa ya kamba.

*

Walikufa watu wanne. Wawili walibaki hai wakiwa wamevunjikavunjika, chini ya ulinzi hospitalini. Nyati waliokufa walikuwa watano kwa mashoka, na ndama mmoja aliyekanyagwa. Lunyungu alikatwa mguu juu ya goti. Bibi wa bandani hakupata hata mkwaruzo. Kundi halikufika huko.

Siku ya tatu mkuu wa hifadhi, Bwana Mgimwa, alimwita Yusta ofisini, akafunga mlango mwenyewe.

"Kufungua hakuna shida," alisema. "Mtu alikuwa anakwenda kuuawa. Baraza litakuelewa, na mimi nitasimama na wewe. Shida ni hii." Alimgeuzia kioo cha mezani. Ufunguo ulikuwa umeandika kila kitu, kama ulivyotengenezwa kufanya. "Wigo ulikuwa wazi sekunde arobaini na moja. Bangili ya Lunyungu iliingia ufani sekunde ya ishirini na mbili. Kuanzia hapo hakuna wa kuokolewa tena ila wale wahalifu. Zimebaki sekunde kumi na tisa."

"Najua."

"Kufunga kunachukua kufumba na kufumbua."

"Najua, mzee."

"Basi utasema ufunguo uligoma. Uliubonyeza ukagoma, ukaubonyeza tena. Vidude hivi hugoma. Fundi atakubali kuandika hivyo, nimeshaongea naye. Kesho saa tatu baraza linakaa, saa nne tumemaliza, wewe unarudi kazini. Tumeelewana?"

Yusta aliinuka. Bwana Mgimwa aliuhesabu ukimya ule kuwa ndiyo, akamsindikiza mpaka mlangoni huku amemshika bega.

Jioni ile, aliporudi nyumbani kwake, Yusta alimkuta Mama Beatha, mke wa mzee Nyenza, kibarazani. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, kaniki ya msiba kiunoni, mikono imelala mapajani. Yusta alisimama getini. Kwa miaka alikuwa akiingia nyumbani kwa mwanamke huyu bila hodi, akifunua masufuria, na sasa hakujua hata kama anaruhusiwa kumsalimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama Beatha hakuinuka. "Sikuja kugombana. Nilikuwa najua anakokwenda asubuhi ile. Nilimfungia viazi. Kwa hiyo na mimi nina la kujibu kwa Mungu."

Yusta alikaa chini, kwenye udongo, mbele yake.

"Wamekuja watu wa ofisini," mama aliendelea. "Wamenipa pole. Wameniambia kwamba ulijaribu kumwokoa, kidude kikagoma. Waliniambia mara mbili, nikaona wananitazama kama nimeamini." Alimtazama Yusta usoni kwa mara ya kwanza. "Kiligoma?"

Barabarani watu walikuwa wakipita kutoka kazini. Mtu mmoja alimsalimu Yusta kwa jina; hakumsikia.

"Hakikugoma, mama."

"Alikuita?"

"Aliniita. Alinyoosha mkono. Nilikuwa na kidole kwenye kitufe, na Lunyungu alikuwa ameshapona. Nilimwona baba, nikamsikia, na sikufunga."

Kofi lilikuja kabla hajamaliza, kisha la pili, kisha Mama Beatha akampiga kifuani, mabegani, kichwani, kwa ngumi za mwanamke aliyelima maisha yake yote. Yusta hakujikinga. Mdomo ulipasuka kwenye jeraha lilelile la ngumi ya Gilbati, damu ikamwagika kwenye shati. Majirani wawili walisogea getini. Mama Beatha aliendelea mpaka pumzi zikamwishia, na alipoishiwa alibaki ameshika ukosi wa shati la Yusta kwa mikono yote miwili, paji lake la uso likigusa la mwenzake, wote wawili wakihema.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Alikuwa amewafanya wapige magoti. Nilitaka ajue." Yusta alimeza damu. "Sina sababu nyingine. Nimeitafuta siku tatu."

Mama Beatha aliuachia ukosi kidole kimoja kimoja. Alijifuta uso kwa pindo la kaniki, akajifunga upya kiunoni, akasimama kwa shida.

"Kesho utayasema haya mbele yao? Hivi hivi?"

"Wataniweka ndani, mama."

"Sikuuliza hilo."

Yusta alitazama chini, kwenye matone yaliyokuwa yakinywewa na udongo.

"Nitayasema."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Nitakaa mbele kabisa," Mama Beatha alisema, "unione." Akapita katikati ya majirani bila kuwasalimu, akashika barabara ya kurudi kwake.